SOMO: Umekwaruza bampa na gari si yako, ya mkataba. Kabla hujakimbilia kwa fundi soma hapa

Assalaam alaykum wanachama. Wiki hii peke yake nimepigiwa simu na madereva watatu, kilio kimoja, nimegusa bampa nifanyeje na gari ya watu. Nikaona badala ya kumjibu kila mmoja na visauti vya dakika saba saba naandika hapa mara moja, anaetaka asome anaetaka apite. Kwa asienijua, miye nilikaa gereji ya rangi Mwanakwerekwe hapa Unguja miaka minne nikipiga msasa kabla sijashika usukani, sasa hivi nna Noah ya mkataba, namlipa tajiri mwenye gari hesabu ya kila wiki mpaka iwe yangu, nabeba wageni wa Nungwi na Paje, kwa hivyo haya mambo nimeyaona upande wa fundi na upande wa dereva anaeficha. Ndio, nilificha. Naanza na hapo hapo.

Ilikuwa Vuga, jua lataka kuzama, njia nyembamba mnaijua, mbele anakuja hamali na mkokoteni umejaa katuni za maji na hana pa kunipisha. Nikarudi nyuma miye. Nyuma pana kona na kwenye kona pana baraza, basi nikasikia krrrr, ile sauti ukiisikia tumbo linakuwa baridi. Nashuka natizama, mstari kutoka kona ya bampa mpaka karibu na namba ya gari. Nikasema tajiri asijue, asubuhi yake nikenda kwa fundi wa njiani, gari nyeupe bwana piga nyeupe, nyeupe si nyeupe? Kumbe ile Noah nyeupe yake ni ya lulu, kodi yake, yaani namba ya rangi, ni 070, inakwenda tabaka tatu, chini nyeupe, juu yake lulu, juu yake klia, ile ya kung'arisha isiyo na rangi. Yule kanipigia nyeupe ya friji. Pale chini ya mwembe haionekani kitu, nikamlipa nikaondoka nacheka. Saa sita mchana niko Forodhani nangoja wageni, jua la utosi, bampa inang'ara peke yake kama jino la bandia, na tajiri huyo anakuja kuchukua hesabu. Akaizunguka gari asiseme kitu. Akapitisha kidole. "Hii uligonga lini?" Bampa ikavuliwa ikapigwa upya kwa pesa yangu, nimelipa mara mbili kwa mkwaruzo mmoja, na miezi mitatu kila Ijumaa akija anaizunguka gari kama anakagua ng'ombe wa kuchinja.

Haya, twende.

HATUA YA 1. Simama palepale upige picha

Usiondoke. Kama umegusana na mtu au chombo chengine muangalie mtu kwanza, akiwa ameumia kidogo tu basi hapo si habari ya bampa tena, ni polisi na PF3, ile fomu yao ya matibabu, na hospitali, bampa itangoja. Kama ni wewe na ukuta piga picha tatu nne, moja ya mbali gari nzima ionekane na pahala palipo, moja ya karibu, na moja uweke sarafu pembeni ya mkwaruzo, shilingi 200 inatosha, ili baadae mtu asije kukuzia mkwaruzo. Naam mikwaruzo inakua! Leo umepiga wa kidole, siku ya kurudisha gari unaambiwa ni wa mkono mzima na huna ushahidi.

Na kama siku unachukua gari hukupiga picha bampa zote mbili na pembe zake nne, basi hilo ndo kosa la mwanzo, fanya leo kabla ya kulala.

HATUA YA 2. Ioshe

Watu wanaruka hii. Mabaraza yetu na kuta za Mji Mkongwe ni chokaa, ukiparuza pale nusu ya ule weupe unaouona si rangi iliyotoka, ni chokaa iliyopanda. Nimeona mtu analia kwa mkwaruzo wa futi moja, tukamwagia maji na sabuni tukasugua na kitambaa laini ukabaki wa vidole viwili. Vile vile ukigusana na gari nyengine unakuta rangi ya mwenzio imekaa juu ya yako, hiyo inatoka na rabingi kidogo, ile dawa ya kusugulia rangi, usikimbilie tina ya kuyeyushia rangi mana tina inakula na rangi yako.

Ikishakuwa safi fanya vipimo viwili, havina pesa. Kwanza mwagia maji juu ya mkwaruzo. Ukipotea ukiwa majimaji na ukarudi ukikauka, uko kwenye klia tu, hiyo ni kazi ya rabingi na polishi, nusu saa. Usipopotea pitisha ukucha polepole kwa kukata mstari. Ukucha ukipita bila kushika nafuu, ukishika umeingia kwenye rangi, na ukiona plastiki nyeusi yenyewe inachungulia basi hapo lazima praima, ile ya chini ya kushikisha rangi, na rangi yenyewe.

HATUA YA 3. Lala chini uchungulie nyuma yake

Bampa ya siku hizi ni plastiki, ukiigeuza ndani utaona imeandikwa PP au PP na herufi nyengine mbele yake, ndo aina ya plastiki. Ni ngozi tu ile. Inayobeba pigo iko ndani, pana foam na nyuma ya foam pana chuma kinachokwenda upande mpaka upande. Plastiki ina tabia ya kubonyea ikarudi, kwa hivyo unaweza kuona nje mzima ndani foam imekatika vipande viwili na bracketi imepinda. Kwa hivyo lala, tumia tochi ya simu. Tizama klipu zilizokatika, tizama nyaya za taa, kama ni bampa ya mbele tizama rejeta na kondensa ya AC haijaguswa na hapana maji yanayodondoka. Tena simama utizame uwazi kati ya bampa na madigadi kushoto na kulia, tia kidole, kama upande mmoja kidole kinaingia na wa pili hakiingii imehama. Ya nyuma fungua buti ufunge mara mbili tatu, ikigoma au ikifunga kwa kishindo pana kitu kimesogea.

Na hili mulishike, bampa haina kutu. Plastiki. Hewa yetu ya chumvi haiifanyi kitu, kwa hivyo usikubali fundi akutie haraka ati "itaoza". Ukaacha mwezi ukaacha mitatu ni ile ile. Ila ukikuta na madigadi imekwaruzika mpaka bati, hiyo kweli haingoji, hasa mnaolaza gari Jambiani na Nungwi pwani kabisa, wiki mbili unaona wekundu. Hiyo ipake praima hata kwa brashi wakati unafikiri.

HATUA YA 4. Hii gari inarudi au inabaki?

Hapa ndipo watu wote watatu walionipigia nilipowakamata, hakuna hata mmoja aliyejibu mara moja. Jibu la kufanya nini na bampa linatoka hapa zaidi kuliko kwenye mkwaruzo wenyewe.

Kama umeikodi kwa wiki, mwezi au mwaka na mwisho wake unairudisha, basi siku ya kurudi patakuwa na mtu na karatasi anaizunguka. Kila kitu unapima kwa siku ile. Soma karatasi yako inasemaje kuhusu uchakavu wa kawaida, mana vijidoa vya mawe na vimikwaruzo vyembamba kama nywele vya kuosha gari kwa mwenye akili si khasara yako, hivo ni matumizi, lakini ufa na rangi iliyotoka ni yako. Na utizame kama inakuruhusu kutengeneza mwenyewe au lazima kwa fundi wao. Ukitengeneza nje bila ruhusa wanaweza kukataa kazi, unalipa mara mbili kama miye.

Kama ni mkataba wetu wa madereva, unapeleka hesabu kila wiki na baada ya miaka miwili gari inakuwa yako, hapo ni hadithi nyengine. Ile bampa mwisho wake ni bampa yako. Kwa nini uipige rangi leo na bado miezi 14 unazunguka nayo Darajani? Utaikwaruza tena, wallahi utaikwaruza. Mwambie mwenye gari, mkubaliane iwe hivo hivo, pesa ya rangi weka kwenye tairi. Wale wa ijara ya benki, benki inanunua gari na weye unailipa kidogo kidogo, pia gari inaishia kwenu, lakini mpaka siku hiyo mmiliki ni benki na bima imekaa kwa jina lake, kwa hivyo khabari inafika benki kwanza.

Na wa magari ya ofisi na mradi, hapo hapana mjadala, unaandika ripoti siku hiyo hiyo unampa afisa usafirishaji basi.

HATUA YA 5. Mwambie mwenye gari, leo

Sikuambii kwa kuwa mtu mwema, nakwambia kwa pesa. Mwenye gari ukimwambia mwenyewe anauliza "imeharibika kiasi gani?" Akijionea mwenyewe anauliza "na nini chengine unanificha?" Hayo maswali mawili yana bei mbili.

Meseji isiwe ndefu. Miye ya juzi niliandika hivi: "Asalaam alaykum ami, leo saa 4 nikitoka Malindi nimeparuza bampa ya nyuma kona ya kulia, hapana mtu aliyeumia, taa nzima, buti inafunga, mkwaruzo urefu wa kidole. Picha hizo. Naona tuiache mpaka sevisi ya mwezi ujao au unasemaje?" Akajibu "iache". Kwisha. Na jibu lake la maandishi unalo, likae.

Kuna mtu atauliza kidini khasara ya nani. Nilivosikia darasani aliyekodi ana mkono wa amana, kwa maana hadhamini kilichoharibika ila akivuka mipaka au akizembea. Ukiendesha huku unatizama simu huo ni uzembe. Ukigongwa umepaki sehemu yake si uzembe. Lakini na karatasi mliyoandikiana nayo ina neno lake, kwa hivyo mkivutana nendeni kwa sheikh mnaemuamini na karatasi mkononi, musimalizane kwa kelele maegeshoni.

HATUA YA 6. Bima, piga hesabu kwanza

Bima ndogo hailipi bampa yako. Inamlipa uliyemgonga. Kuna watu mpaka leo wanashangaa hapa.

Bima kubwa inalipa, lakini kuna kile kiwango cha mwanzo unachojibebea mwenyewe kabla kampuni haijatoa kitu, na ukidai unaweza kupoteza lile punguzo la mtu asiyedai mwaka mzima. Tuseme kazi ya bampa ni laki na nusu na kiwango cha kujibebea kwenye karatasi yako ni laki mbili, unakwenda kudai nini hapo, unajaza mafomu unapoteza siku mbili na unapata sifuri. Ikiwa bampa na taa na madigadi na chuma cha ndani, bili inafika milioni na zaidi, hapo nenda. Lakini anaedai ni mwenye gari, na kampuni zinataka kuarifiwa mapema, kwa hivyo rudi hatua ya 5.

Kama umegongwa weye, bima ya aliyekugonga ndo inatakiwa ikulipe hata kama yake ni ndogo. Chukua namba ya gari yake, stika ya bima siku hizi unaihakiki kwa simu kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, usitosheke na kuambiwa "bima ninayo". Na bila ya ripoti ya polisi usitegemee kitu.

HATUA YA 7. Uache, utengeneze au ubadilishe

Kuacha nishaeleza.

Kubonyea bila kupasuka jaribu maji ya moto kabla ya kutoa hata shilingi. Birika lichemke kweli kweli, mimina polepole pale palipobonyea, vaa glavu uingize mkono nyuma usukume kwa kiganja, na ikirudi mwagia maji baridi ikae. Plastiki ikipata joto inalainika, ndo siri yenyewe. Nimeitoa bonde la ukubwa wa sahani hivo na mama mwenye nyumba akanambia nimalize haraka birika lake linatakiwa kwa chai. Haifanyi kazi kwenye bati, musiende kuunguza milango ya watu. Rangi ikiwa imeshaanza kupasuka itazidi kubanduka, na kama pana sensa karibu, vile vidude vya kuhisi kitu kilicho mbele, usimwagie.

Ufa, fundi mzuri anaiunga kwa nyuma, kwa pini za moto au kwa kuchomelea plastiki kwa plastiki ya aina ile ile. Mtizame anaanzia wapi. Akianza kujaza puti, ile dawa ya kuzibia, kwa mbele kabla hajaunga nyuma, chukua gari yako. Bampa inatikisika, matuta ya Jozani pale waliyoweka kwa ajili ya kima punju peke yake yanatosha kuirarua puti ile ikaanguka kama biskuti.

Kubadilisha ni pale masikio ya kufungia yamekatika au kipande kimepotea. Spea za mtumba zipo, na mara nyengine unabahatika rangi yako hasa, lakini nenda na picha ya bampa yako nzima na mwaka wa gari. Noah za toleo la AZR60 za mwanzo na zile za baada ya 2004 bampa si moja, na ya Voxy haikai kwenye Noah ingawa gari ni ndugu. Muuzaji atakwambia inakaa. Yeye anauza, weye ndo utakaeifunga na waya.

HATUA YA 8. Ukishafika kwa fundi

Soma kodi ya rangi kwenye kibati, kwa Toyota tizama chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, pana pameandikwa C/TR na namba ya mwanzo ndo rangi. Usiseme nyeupe, usiseme silva, sema namba. Tena gari ina umri, jua letu limeshaifubaza, kwa hivyo hata kodi ikiwa sawa fundi inafaa ajaribu kwenye kipande aweke ubavuni mwa gari, nje, juani. Chini ya mwembe rangi zote ni ndugu, niulize miye.

Plastiki inataka praima yake ya plastiki, bila hiyo rangi inabanduka kama ganda la kitunguu ukiosha kwa presha. Na masika musipige rangi nje kama hamna haraka, unyevu unaingia rangi inatoka na ukungu mweupe hata iwe nyeusi vipi. Bampa ivuliwe. Ikipigwa ikiwa imefungwa utaona mstari wa gamba pembeni, na mwenye gari anaejua ndo anapotizama kwanza.

Hapo nimechoka. Ulizeni.

MASWALI YA WANACHAMA

Bint Fuoni: Kaka shukran. Miye nimekodi IST kwa mwezi nampeleka mama hospitali, juzi nimetoka nimekuta mtu kanigonga nyuma nimepaki na kakimbia, hajaacha hata karatasi. Khasara yangu?

Jibu: Pole dada, na mama Mungu ampe shifaa. Kwanza tizama kama jengo lile lina kamera, waulize leo mana picha haziwekwi muda mrefu. Ripoti polisi upate karatasi, mjulishe mwenye gari na picha. Umepaki sehemu halali hukuzembea, hilo liseme wazi na mapema. Mkataba ukisema depoziti inakatwa kwa mkwaruzo wowote bila kujali nani kafanya, basi hapo mutazungumza, wengi wanapunguza wakiona mtu kaja na ripoti mkononi kuliko kuja na kilio. Unaweza kunitumia na picha niitizame.

Yakhe wa Konde: Kijana wa vespa kaniingia kwenye bampa Chake pale, analia hana kitu, nikamsamehe nikamwambia nenda zako. Sasa mwenye gari ananidai. Yakhe nimefanya ubaya gani?

Jibu: Hujafanya ubaya ila umesamehe cha mwenzio, yakhe! Bampa si yako. Unaweza kusamehe muda wako uliopotea na hasira zako, bampa anasamehe mwenyewe. Ungempigia simu palepale ukampa azungumze na kijana, pengine angesamehe yeye ukatoka huna deni. Sasa mtafute kijana kwa upole, Chake si kubwa hivo, vespa yake ikiwa na bima hapana wa kulia. Ukimkosa, kaa na mwenye gari mugawane, na umuoneshe picha alama ni za vespa na weye ulikuwa umesimama.

Mtu wa Wete: Fundi wa hapa kaniambia nivue bampa niipeleke Unguja kwa meli ikapigwe rangi. Anataka kunila?

Jibu: Hapana, inafanyika na si mbaya. Lakini bampa peke yake ikenda rangi itafananishwa na nini? Vua na kifuniko cha tangi la mafuta, kile kidogo cha nje, kipeleke pamoja, hicho ndo sampuli, kina rangi ile ile na jua lile lile. Ifunge kwenye blanketi kuukuu, wapakizi wanazirusha. Na namba ya gari ukumbuke iko kwenye bampa, ifunge mahala pengine inaonekana, si mizigo ikenda na namba ukabaki kumueleza trafiki.

Dereva wa Kiembesamaki: Tajiri wangu anakata elfu kumi kila wiki tangu nimekwaruza mwezi wa tatu, mpaka sasa sijaona bampa ikipigwa rangi. Ni haki?

Jibu: Muulize swali moja tu kwa adabu, "tajiri tumefika kiasi gani na bili ni kiasi gani?" Tangu mwanzo ilitakiwa muende kwa fundi pamoja, mpate bei, muandike. Deni lisilo na mwisho si deni, hiyo ni kodi. Hesabu wiki zako andika kwenye karatasi umuoneshe, na kama bei ya fundi imeshapita basi unaomba yaliyozidi yaingie kwenye hesabu ya gari. Usiache kupeleka hesabu kwa hasira, mana hapo kosa linahamia kwako.

Mzanzibari wa Uingereza: Miye niko London, gari ya lisi, yaani ya kukodi, ya miaka mitatu, bado miezi miwili niirudishe na bampa ya nyuma ina mkwaruzo. Huku mambo ni hayo hayo?

Jibu: Hayo hayo ila wao wameyaandika. Kuna umoja wa makampuni ya kukodisha magari huko unaitwa BVRLA una muongozo wake wa uchakavu wa kawaida, mikwaruzo mpaka milimita 25 inakubalika madhali praima haionekani. Kwa hivyo chukua rula. Kama umezidi, mtafute fundi anaekuja mpaka nyumbani na mupatane bei, uilinganishe na orodha ya bei za kampuni yako, wengi wanakupa ukiomba. Kazi ndogo kama hiyo kawaida ukiitengeneza vizuri wiki kadhaa kabla ya ukaguzi unatoka nafuu, lakini soma kwanza wanataka kazi ya namna gani. Na siku ya ukaguzi gari iwe imeoshwa na imekauka, ikiwa majimaji mkaguzi anaweza kuahirisha. Umeona ile habari ya maji kuficha mikwaruzo? Na wao wanaijua.

Abuu wa Bububu: Gari yangu ya mkataba ni Harrier mpya mpya, bampa ya mbele ina sensa. Nipige rangi tu kama kawaida?

Jibu: Polepole. Zile sensa za duara za kuegeshea gari zikipigwa rangi nene nene zinaanza kupiga kelele hapana kitu au zinanyamaza pana ukuta. Zivuliwe. Na kama gari ina rada ya kufunga breki yenyewe, basi puti na marangi mazito mbele yake vinaitia upofu, mwenye gari lazima ajue na aamue yeye fundi gani. Hiyo usijaribu na birika.

Bint Fuoni: Kaka nimekutumia picha inboksi, mstari mweupe mrefu nyuma yote, mwenye gari anakuja kesho nimeshachanganyikiwa.

Jibu: Nimeiona. Pale ulipopaki nyuma pana nguzo imepakwa chokaa, inaonekana kwenye picha yako ya pili. Ioshe kwanza dada, halafu nitumie tena.